NDEGE NDOGO, THELUJI NA BARAFU: Mambo ya kujua kabla hujasema "twende"



Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu ndege ndogo na barafu: inakuaje ndege inaruka salama kwenye theluji, na inakuaje nyingine inaanguka ikiwa na injini nzima kabisa.

Najua kuna mdau ataandika hapo chini, "Bongo theluji iko Kilimanjaro tu, inatuhusu nini?" Inatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, vijana wetu wanaenda kusomea urubani Kanada, Marekani na Ulaya, na huko baridi haimsubiri mtu azoee. Pili, ile Cessna Caravan yenye injini moja puani na mabawa juu, inayotupeleka Zanzibar, Mafia na Serengeti, ndiyo hiyo hiyo inayobeba abiria na vifurushi kwenye baridi ya Kanada, na huko barafu imeshaiangusha. Tatu, ipo barafu inayoweza kuzima injini ya ndege hapa hapa Dar, jua likiwaka. Hiyo nitaifikia mwishoni, usiondoke.

Niseme mapema: mimi si rubani. Nimemaliza sekondari, napenda ndege, na nasoma ripoti za uchunguzi wa ajali kama wengine wanavyosoma kurasa za michezo. Kwa hiyo haya ni maelezo ya kukufungua macho, si leseni. Kama muda wako kafe unakaribia kuisha, inakili kwenye flashi ukaisomee nyumbani, maana ni ndefu.

BARAFU YA ANGANI INATOKA WAPI?

Shuleni tuliambiwa maji yanaganda yakifika nyuzi sifuri. Huko juu mambo si rahisi hivyo. Matone madogo ya mawingu yanaweza kubaki maji hata yakiwa na baridi ya nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, kwa sababu hayana kitu cha kushikia ili yaanze kuganda.

Mfano wa nyumbani: umesahau chupa ya maji kwenye friza. Unaitoa, unaona bado ni maji. Ukiigonga kidogo mezani, inaganda yote mbele ya macho yako. Sasa wingu la namna hiyo ndiyo ile chupa, na ndege ndiyo ile meza. Tone likigonga bawa, linaganda hapo hapo. Ndege inapita kwenye matone mamilioni, na kila moja linaacha chake.

Kwa hiyo ili barafu ishike kwenye ndege vinahitajika vitu viwili tu: maji yanayoonekana (wingu, mvua, manyunyu) na baridi ya sifuri au chini yake. Hatari kubwa ipo kati ya sifuri na nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji kavu yenyewe, ile inayopeperuka kama unga, mara nyingi haishiki kwenye bawa lenye baridi. Theluji yenye majimaji ndiyo inayong'ang'ania.

AINA ZA BARAFU

1. Barafu nyeupe. Inatokana na matone madogo yanayoganda haraka. Inakwaruza, inafanana na ile inayoota ndani ya friza la zamani. Inaonekana kirahisi, inakaa zaidi mbele ya bawa.

2. Barafu ya kioo. Matone ni makubwa, hayagandi mara moja, yanatambaa kwanza kwenda nyuma ya bawa ndipo yagande. Ni ngumu, nzito, inang'aa, na usiku unaweza usiione kabisa.

3. Mchanganyiko wa hizo mbili.

4. Jalidi, yaani unyevu wa hewa unaoganda moja kwa moja juu ya ndege. Hii inaikuta ndege ikiwa imelala uwanjani usiku wenye baridi na anga safi. Asubuhi inaonekana kama vumbi jeupe la kupendeza. Usidanganyike na uzuri wake.

Baba lao ni mvua inayoganda. Hapo matone ya mvua yenyewe yana baridi kuliko sifuri na kila kinachoguswa kinavikwa kioo. Hakuna ndege ndogo iliyotengenezwa kukaa humo.

INAUA KWA UZITO? HAPANA

Watu wengi wanadhani barafu inaangusha ndege kwa sababu ni nzito. Uzito upo, lakini si muuaji mkuu. Muuaji ni umbo. Bawa linaibeba ndege kwa sababu limechongwa hivyo, hewa iteleze juu yake bila kukatika. Ukiharibu uso wa bawa, hewa inakatika mapema.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imekuwa ikiwafundisha marubani hivi: barafu au jalidi yenye unene na ukwaruzo wa karatasi ya msasa tu, ikikaa mbele na juu ya bawa, inaweza kupunguza nguvu ya kuinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Msasa jamani! Ule wa fundi seremala. Hatuongelei donge la barafu la kuchanganyia juisi.

Maana yake ni kwamba mwendo ambao jana ulikuwa salama, leo si salama. Bawa linaachia hewa (marubani wanaita stoli) ndege ikiwa bado na mwendo mzuri tu kwenye saa yake. Baya zaidi, king'ora cha kuonya kuhusu stoli kimepangwa kwa bawa safi. Bawa chafu linaweza kuachia kabla king'ora hakijalia.

Na si bawa peke yake. Barafu inashika kwenye panga za propela, injini inatetemeka na nguvu inapungua. Inafunika kioo cha mbele. Inaziba pitoti, kale kabomba kanakopima mwendo, na hapo saa ya mwendo inaanza kusema uongo. Inaziba hata matundu ya kupumulia ya tangi la mafuta. Hili la mwisho linatuhusu kidogo Afrika Mashariki: mwaka 1936 Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, aliruka peke yake kutoka Uingereza na kuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Injini ilikosa mafuta karibu na mwisho wa safari na akaishia kwenye bwawa la matope Nova Scotia, Kanada. Sababu inayoelezwa ni barafu kwenye matundu ya tangi. Mafuta yalikuwemo, ila hayakufika kwenye injini.

KISA CHA KISIWA CHA PELEE

Tarehe 17 Januari 2004, Caravan ya abiria iliondoka kwenye kisiwa cha Pelee, katikati ya Ziwa Erie upande wa Kanada, kwenda mji wa Windsor. Ni safari fupi, unaweza kuifananisha na Dar na Zanzibar. Ndani walikuwa watu 10, wengi wao wawindaji waliokuwa wanarudi nyumbani na mizigo yao. Hali ya hewa ilikuwa ya manyunyu yanayoganda.

Ndege iliinuka, ikashindwa kupanda, ikaanguka juu ya ziwa lililoganda, si mbali na uwanja. Hakupona mtu.

Wachunguzi wa Kanada walipomaliza kazi walisema ndege ilikuwa imezidi uzito unaoruhusiwa kwa asilimia 15 au zaidi, na ilikuwa na barafu. Wakasema pia kwamba uamuzi wa kuruka haukufanana na kawaida ya rubani huyo, na kwamba huenda uchovu na msongo vilichangia. Injini haikuwa na kosa.

Mimi kisa hiki kinanigusa kuliko vingine kwa sababu kila kitu ndani yake tunakijua. Kisiwa. Ndege ndogo. Abiria wenye mabegi wanaotaka kufika kwao. Rubani mmoja aliyechoka ambaye kila mtu anamtazama yeye. Hapo ndipo ndege inapoangukia, wadau. Inaangukia chini, kabla haijaondoka, kwenye dakika ile ya kuamua.

Baada ya ajali kadhaa za Caravan kwenye barafu, Marekani ilitoa amri mwaka 2005 na 2006 kuhusu ndege hii. Rubani alitakiwa kukagua bawa kwa macho na kuligusa kwa mkono kabla ya kuruka kwenye hali ya barafu, kutoshuka chini ya takriban kilomita 222 kwa saa akiwa kwenye barafu bila flapu, na kutoka haraka barafu ikifika kiwango cha kati. Umeona neno hilo, kugusa kwa mkono? Barafu ya kioo macho hayaioni. Vidole vinaiona.

KABLA YA KURUKA

Haya sasa, kazi yenyewe. Nimeipanga ili hata mwanafunzi wa urubani aweze kuipitia.

1. Soma utabiri, tafuta mahali pa kukimbilia. Usiulize tu "kuna barafu?" Uliza sifuri inaanzia futi ngapi, mawingu yanaanzia na kuishia wapi, na wapi kuna hewa ya joto. Soma taarifa za marubani waliopita njia hiyo muda mfupi uliopita. Rubani mwenzako aliyeiona barafu saa moja iliyopita ana habari mpya kuliko utabiri wa asubuhi.

2. Jua ndege yako imeruhusiwa nini. Ndege ndogo nyingi haziruhusiwi kabisa kuingia kwenye barafu inayojulikana. Nyingine zina vifaa vya kujisaidia lakini bado hazina ruhusa. Vifaa ni vya kutorokea, si vya kukalia humo. Na hata zenye ruhusa, hazikupimwa kwa mvua inayoganda.

3. Safisha yote. Mabawa, mkia, propela, kioo, pitoti, matundu ya tangi. Theluji laini inafagiliwa kwa ufagio au brashi laini. Barafu iliyoshika inahitaji kimiminika maalumu cha kuyeyushia kinachopashwa moto, au ndege iingizwe kwenye banda lenye joto. Usimwage maji ya moto ukaondoka: yanaingia kwenye bawaba za usukani, yanaganda upya, na utakuja kugundua ukiwa hewani.

4. Banda la joto lina mtego wake. Ukiitoa ndege ya moto moja kwa moja kwenye theluji, theluji inayeyuka juu ya bawa kisha inaganda. Kausha kwanza, acha ipoe ndani.

5. Kile kimiminika kina muda wake. Kinakulinda kwa dakika chache tu kutegemea baridi na jinsi theluji inavyoanguka. Foleni ikiwa ndefu na muda ukapita, unarudi kusafisha tena. Ndiyo, tena.

6. Pasha injini moto. Kwenye baridi kali, nyuzi 7 chini ya sifuri na kuendelea, oili inakuwa nzito kama asali. Kuwasha hivyo hivyo ni kuisaga injini. Mafundi wa huko wanaipasha kwanza kwa hewa ya moto au umeme.

7. Vaa kama mtu atakayelala porini. Ukivaa fulana kwa sababu ndani ya ndege kuna joto, ukilazimika kutua msituni umekwisha. Koti, viatu, kofia, blanketi, kiberiti, tochi.

KWENYE NJIA YA KURUKIA

Mashabiki wa Manchester United, hapa ni pa kwenu. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyokuwa inarudisha timu kutoka Belgrade ilisimama Munich kuongeza mafuta. Ilijaribu kuruka mara mbili ikaacha. Mara ya tatu haikuinuka, ikapita mwisho wa njia na kugonga nyumba. Walikufa watu 23, wakiwemo wachezaji 8.

Kwa miaka mingi lawama zilimwangukia kapteni, James Thain: Wajerumani walisema aliacha barafu kwenye mabawa. Mwaka 1969, baada ya uchunguzi mpya wa Uingereza, alisafishwa jina. Kosa lilikuwa rojo la theluji iliyoyeyuka kwenye sehemu ya mwisho ya njia. Ndege ilifika kama kilomita 217 kwa saa, ikaingia kwenye rojo, na mwendo ukashuka hadi kama 194. Hapo haikuwa na nafasi ya kusimama wala mwendo wa kuruka.

Ndege ile ilikuwa kubwa kuliko Caravan, lakini somo ni lile lile, na kwa ndege ndogo ni kali zaidi kwa sababu matairi yake ni madogo. Aliyewahi kukanyaga baiskeli kwenye tope la masika anaelewa. Rojo linakuvuta nyuma, na likirukia kwenye breki na magurudumu yenye vifuniko linaweza kuganda ukiwa juu. Unakuja kutua na magurudumu hayazunguki. Kwa hiyo: chagua njia ndefu, weka alama kichwani ya mahali utakapoacha kama mwendo haujafika, na ukipita hapo bila mwendo, acha. Usibembeleze.

UKISHAKUWA ANGANI

Kanuni ya kwanza: ukiona barafu ya kwanza, ndiyo muda wa kutoka. Usisubiri ya pili. Barafu ya kwanza mara nyingi inaonekana kwenye vitu vyembamba: kipimajoto cha nje, waya wa antena, pembe ya kioo. Viangalie hivyo kabla ya bawa.

Una njia tatu. Kurudi ulikotoka, kwa sababu unajua kule hakukuwa na barafu. Kushuka kwenye hewa ya joto, kama chini kuna nafasi na hakuna mlima. Kupanda juu ya mawingu, kama mawingu yanaishia karibu na ndege bado ina nguvu. Kupanda kunaamuliwa mapema, maana dakika tano baadaye ndege inaweza isiwe na nguvu hizo tena. Kitu kimoja usifanye: kuendelea hivyo hivyo ukiomba litapita.

Mengine:

- Washa joto la pitoti kabla hujaingia kwenye wingu, si baada ya saa ya mwendo kuchanganyikiwa.

- Ndege zenye mipira inayojaa upepo mbele ya bawa ili kupasua barafu: zamani marubani walifundishwa kusubiri barafu inenepe kwanza. Mwaka 2008 wachunguzi wa ajali wa Marekani walitoa tahadhari wakisema iwashwe mara tu unapoingia kwenye barafu.

- Zima otopailoti, au angalau ikague mara kwa mara. Yenyewe inaficha tatizo: inavuta, inakaza, hailalamiki, halafu ikizidiwa inakuachia ndege iliyoshaharibika mikononi.

- Sema mapema na waongozaji wa ndege. Hakuna aibu. Sauti ya rubani anayesema "nina barafu, naomba kushuka" ni sauti ya rubani mzuri.

Kutua nako kuna kanuni zake. Ongeza mwendo kuliko kawaida. Usikate kona kali. Flapu tumia kidogo au usitumie kabisa, kwa sababu mkia nao unaweza kuwa na barafu, na ukishusha flapu zote pua inaweza kuinama ghafla. Usikate nguvu ya injini juu juu. Shuka nayo mpaka magurudumu yaguse. Na kwa sababu unatua kwa kasi, tafuta uwanja wenye njia ndefu hata kama uko mbali na ulikokuwa unaenda.

THELUJI INAPOFUNGA MACHO

Hata bila barafu kwenye bawa, theluji inakuibia upeo. Chini kweupe, juu kweupe, huoni mstari wa kutenganisha. Masikio yanakudanganya uko sawa kumbe umelala upande.

Tarehe 3 Februari 1959, usiku, ndege ndogo aina ya Beechcraft Bonanza iliondoka Iowa, Marekani, theluji nyepesi ikianguka. Ilimbeba mwanamuziki Buddy Holly na wenzake wawili, Ritchie Valens na J.P. Richardson. Rubani hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea saa peke yake. Ndege ilianguka dakika chache tu baadaye, wote wanne wakafa.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilipima wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa saa, wakawafungia upeo. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu! Wimbo mmoja wa bongo fleva ni mrefu kuliko hapo.

Kwa hiyo kama hujafunzwa saa, ukiona theluji inafunga mbele, geuka ukiwa bado unaona.

HITA NAYO INA MENO

Hili wengi hawalijui. Ndege ndogo nyingi zenye injini ya pistoni zinapasha chumba kwa kupitisha hewa kando ya bomba la moshi. Bomba likipasuka, sumu ya moshi inaingia ndani, haina rangi wala harufu.

Wapenda mpira mnamkumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji aliyetoka Nantes kwenda Cardiff tarehe 21 Januari 2019 kwenye ndege ndogo ya Piper Malibu, usiku wa baridi. Ndege ilianguka baharini. Damu yake ilikutwa na kiwango cha asilimia 58 cha sumu hiyo, kiwango cha kuua. Wachunguzi wa Uingereza walisema rubani alipoteza udhibiti akigeuza ndege kwa mkono, na huenda naye alikuwa ameathiriwa na sumu. Ndani hakukuwa na kifaa cha kuonya kwa kengele. Kifaa chenyewe kinakaa kiganjani. Kichwa kikianza kuuma hita ikiwa imewashwa: zima hita, fungua hewa ya nje, tua.

SASA TURUDI HUKU KWETU

Nilikuahidi barafu ya Dar. Ndege ndogo nyingi za mafunzo, kama Cessna 150 na 172 za zamani, zina kabureta. Mafuta yakigeuka mvuke mle ndani yanafyonza joto, na hewa inaweza kupoa kwa nyuzi 30 na zaidi ghafla. Hewa yenye unyevu ikipoa hivyo, barafu inaota ndani ya kabureta, hata nje kukiwa na nyuzi 30 na wewe unatoka jasho. Hatari ni kubwa zaidi unaposhuka injini ikiwa imepunguzwa nguvu.

Dalili: mzunguko wa injini unashuka taratibu, kisha inaanza kukohoa. Dawa: vuta joto la kabureta lote, si nusu. Mwanzoni injini itakohoa zaidi kwa sababu inameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Wengi wanaogopa hapo na kulirudisha. Usirudishe, subiri, itapona.

Na juu yetu pia barafu ipo. Katika tropiki sifuri huwa inaanzia kama futi 15,000 hadi 16,000, chini ya kilele cha Kilimanjaro. Ndege inayopanda humo kwenye mawingu ya masika inaweza kuikuta. Anayedhani nchi za joto ziko salama akumbuke Vinhedo, Brazil, tarehe 9 Agosti 2024: ATR 72 ilianguka ikizunguka kama jani, watu 62 wakafa, na ripoti ya awali ilieleza kwamba ndani ya chumba cha marubani ilisikika kauli kwamba barafu ni nyingi.

NA WEWE ABIRIA?

Una kazi pia. Tarehe 10 Machi 1989 huko Dryden, Kanada, ndege ya abiria iliondoka na theluji juu ya mabawa. Walikufa watu 24 kati ya 69. Abiria waliiona theluji ile kupitia dirishani. Miongoni mwao walikuwepo marubani wawili waliokuwa wanasafiri tu kama abiria. Hakuna taarifa iliyofika kwa kapteni. Kila mmoja alidhani wenye kazi yao wanajua.

Sisi tumelelewa kutomuuliza mkubwa maswali. Ni adabu nzuri mezani, lakini ndani ya ndege inaweza kuwa jeneza. Ukiona kitu cheupe kwenye bawa, mwite mhudumu, sema, "Samahani dada, naona barafu kwenye bawa, naomba mwambie kapteni." Ukiambiwa tayari wanajua, umepoteza nini? Na rubani akisema "leo hatuondoki", usimpigie kelele za mkutano na harusi. Wale wa Pelee nao walikuwa na watu wanawasubiri upande wa pili wa maji.

Kwa kifupi, wadau:
- Bawa liwe safi kabisa, na uliguse kwa mkono.
- Uzito usizidi, hasa kwenye baridi.
- Barafu ya kwanza, toka.
- Mwendo zaidi, flapu kidogo, njia ndefu.
- Kwenye kabureta, joto lote.
- Mashaka yakiwepo, ndege ilale. Kesho ipo.

Kama humu kuna rubani au fundi wa ndege, awe Wilson, Arusha au huko Toronto, karibu utuongezee hapo chini. Na mdau uliyeko majuu unayejifunza kuruka kipindi hiki cha baridi, tuandikie mwalimu wako anakuambia nini asubuhi ya jalidi. Wengine watajifunza kwako.

Nawakilisha.